Matanga ya Mtoto wa Gunzi

Nyuma ya nyumba yangu hapa Mtopanga kuna kibanda cha gemu, na humo ndani watoto hufa kutwa nzima. Nikiwa nafua nguo nawasikia. "Nimekufa!" "Umekufa, toka, zamu yangu!" "Sijafa, bado nina roho moja!" Halafu kicheko. Mwanzoni niliwatokea na mwiko mkononi nikawaambia neno hilo halichezewi. Wakaniamkia kwa adabu, "Shikamoo, nyanya," nikawaitikia marahaba, nikageuka, na kabla sijafika mlangoni kwangu wakawa wamekufa tena.

Kwa hiyo juzi mjukuu wangu Neema alipoanza kulia sebuleni, sikutoka mbio. Yeye ana gemu yake humu humu ndani, babake alimnunulia, huicheza kwenye televisheni kazi za nyumba zikiisha, si kabla. Nilikuwa jikoni nakuna nazi, nikajisemea amekufa kama wale wa kibandani, atafufuka. Lakini kilio chenyewe kilikuwa cha chini, cha mtu anayejizuia, nami mtu anayejizuia humwogopa kuliko anayepiga mayowe. Nikaiacha nazi nusu.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna, nyanya."

"Basi nani kafa?"

Akapangusa pua kwa ncha ya leso. "Mzee Oru."

Nikashika ukuta. Nikawapitisha akilini wazee wote ninaowajua, wa kanisani, wa chama, wa kule kwetu Kaloleni. Oru simjui. "Ndiye nani huyo?"

Akaninyooshea kidole kwenye televisheni.

Ikabidi nikae anieleze. Katika gemu hiyo kuna msichana anavuka nchi kavu akitafuta maji, na Neema ndiye anayemtembeza. Tangu mwanzo wa safari ameandamana na mzee mwenye gunia mgongoni. Mzee humfundisha njia, humkatia nusu ya mkate wake, na msichana akisimama akizubaa, mzee hukohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kumwambia haya, twende. Wamekwenda hivyo wiki na wiki. Siku hiyo wakafika kwenye daraja bovu, mzee akalishikilia kwa mabega yake mpaka msichana akavuka, kisha daraja likaenda naye.

"Si atarudi?" nikauliza. "Hao wa nyuma ya nyumba hurudi."

"Hao ni wachezaji, nyanya. Mimi nikifa narudi pale pale nilipofia. Yeye harudi. Wameandika afe."

"Nani kaandika?"

"Waliotengeneza gemu."

"Hawana wazee wao hao?"

Akacheka huku machozi yanamtoka. Nikatazama televisheni. Yule msichana alikuwa amesimama ng'ambo ya daraja, upepo unampeperusha nguo, haendi mbele wala nyuma.

"Mbona humtembezi?"

"Nangoja akohoe," akasema Neema. "Najua hatakohoa. Lakini nangoja."

Nilikuwa nimeshaufungua mdomo nimwambie ni gemu tu, azime aje anisaidie jikoni. Nikaufunga. Mimi si mtu wa kulialia, walionilea hawakunizoesha, na wanangu wote watawaambia hivyo. Lakini mimi nimewahi kumlilia mtoto wa gunzi. Si kumlilia tu, nimemwekea matanga na watu wakaja. Sasa nitamcheka nani? Nikakaa na Neema mpaka akachoka kungoja, nikarudi kwenye nazi yangu, na mchana kutwa nilikuwa Timbwani.

Timbwani ninayoisema ni ile ya zamani, nyumba moja huku na nyingine kule, katikati minazi na mihogo. Nyinyi wa rika langu mliokulia Likoni mnaijua. Baba alikuwa kibarua bandarini, akitoka alfajiri kuiwahi feri. Sisi ni Wagiriama, tulishuka kutoka Kaloleni. Majirani wengi walikuwa Wadigo. Nyumbani tulikuwa Baba, Mama, mimi na Hawe. Hawe kwetu ni bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba. Nilipewa jina lake, Dama, kwa kuwa kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo hakuniita mjukuu wala mwanangu. Aliniita somo.

Hawe alikuwa mkali, nami ukali wangu nimeutoa kwake pamoja na jina. Kazi yake ilikuwa kusuka makuti ya kuezekea. Aliyalowesha kwenye dimbwi nyuma ya nyumba, na mpaka leo makuti yaliyolowa yakinifikia puani namwona Hawe ameketi chini, miguu ameinyoosha, vidole vinakwenda vyenyewe na macho yako kwingine. Hakuwa mtu wa mchezo. Ndiyo maana nilishangaa siku ile, wakati wa mahindi mabichi, alipolichukua gunzi nililotaka kulitupa motoni.

Akalifuta kwa kiganja. Akalipa nywele za katani, akazisuka nne kichwa. Akachana ncha ya leso yake mwenyewe akalivisha, akalifunga ushanga mmoja mwekundu shingoni. Haraka haraka, kama mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo mara nyingi.

"Haya, somo. Mwanao huyo."

"Anaitwaje?"

Hawe hakufikiri hata kidogo. "Mbeyu."

Tangu siku hiyo Mbeyu akawa mtu wa nyumba. Asubuhi Hawe akiniona tu: "Mbeyu kalalaje?" Nami: "Kalala salama." "Kala?" "Kala uji, kabakisha." "Mlazimishe, mtoto asiyekula hana nguvu ya kuugua." Siku moja nikamsahau uwanjani saa saba ya mchana, Hawe akanichapa kofi la mgongo nikaona nyota. "Mwana haachwi juani!" Sikuona ajabu. Nilidhani watu wazima wote hucheza, ila wengine huona haya, na Hawe kwa uzee wake haya zilikuwa zimemwisha.

Rafiki yangu alikuwa Mwanamisi, mtoto wa jirani Mdigo. Yeye mtoto wake alikuwa wa matambara, mwanamume. Tulijenga mji mzima chini ya mihogo. Mbeyu alikwenda shule, akapata homa, akapona, akanenepa, akataka kuolewa na yule wa matambara, posa ikavunjika kwa sababu ya maneno ya wakwe, ikafungwa tena. Kila siku tulijua jana ilikoishia. Naamini hata huyo aliyemwandika mzee Oru hakumjua mzee wake kama tulivyomjua Mbeyu.

Akaliwa na beberu.

Siwezi kulipamba. Lilikuwa beberu la jirani, lenye harufu na kiburi, na sisi tulikuwa tumekwenda kuchuma majani ya karamu ya harusi. Tuliporudi, Mwanamisi ndiye aliyeona kwanza. Beberu limesimama katikati ya mji wetu, linatafuna taratibu, na ncha ya katani inaning'inia mdomoni kama sharubu. Tukalitupia mawe. Likaondoka kwa hatua zake lenyewe. Kilichobaki ni kile kitambaa cha leso, kimelowa mate.

Nikapiga ukemi. Mwanamisi akaweka mikono kichwani, akalia na yeye, na alilia kweli, maana alikuwa mama mkwe.

Tulipotulia kidogo pakazuka neno la mazishi.

"Tumtafutie sanda," akasema Mwanamisi.

"Mbeyu si Muislamu."

"Kwani alibatizwa?"

"Hakubatizwa."

"Basi wallahi ni wetu kuliko wenu. Na alikuwa anaolewa kwetu."

"Alikuwa hajaolewa! Atazikwa Kigiriama na mamake."

"Utamzika nani? Mwenyewe yuko tumboni mwa beberu."

Hapo nikashindwa. Nikakumbuka kusikia kwamba mtu akipotea baharini asionekane huzikwa nguo zake. Tukazika kile kitambaa chini ya muhogo. Mwanamisi akamwombea dua ya kwao, mimi nikasema Baba Yetu, ili pasiwe na upande wa kulalamika. Kisha nikakokota mkeka kutoka ndani nikautandika uwanjani, tukajifunga leso kiunoni kama tulivyoona wanawake wakifanya, tukaketi tukaanza kulia kwa maneno. Kwetu hulii mtupu. Unamtaja marehemu na mambo yake. "Mbeyu wee, umekwenda na nywele zako nne! Mbeyu wee, uji wako nani atakula! Mbeyu, umetuacha!"

Hawe akatokea njiani, mzigo wa makuti kichwani.

Nilimwona amesimama. Nikajua sasa tutapigwa, maana mkeka ulikuwa wa wageni. Mzigo ukaanguka, hakuushusha, ulianguka wenyewe, na makuti yakatawanyika. Akaja mpaka kwenye mkeka. Akauliza kwa sauti nisiyoijua, "Mnamlilia nani?"

"Mbeyu, Hawe. Amekufa."

Akafungua leso ya kichwani akajifunga kiunoni. Akaketi baina yetu. Halafu Hawe, ambaye sikuwahi kuona chozi lake, akafungua mdomo akalia, na kilio chake kilitufanya mimi na Mwanamisi tunyamaze. Alilia Kigiriama cha ndani. Alimtaja Mbeyu kwa mambo ambayo sisi hatukuyacheza: kwamba alikuwa akiogopa kuku, kwamba aliimba akitwanga, kwamba meno yake ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Mimi nikamtazama Mwanamisi, Mwanamisi akanitazama. Tukaona Hawe anaongeza chumvi ili matanga yapendeze, tukafurahi sana, tukalia naye kwa bidii.

Majirani wakasikia. Mwanamke aliyekuwa ametoka kuteka maji akatua ndoo yake akaketi ukingoni, akalia kwanza akauliza baadaye, kama ilivyo adabu. Mama akatoka ndani, tumbo lake kubwa mbele, akashangaa. "Mama, kumetokea nini?" Hawe akaendelea kulia. Jua lilipoanza kulala Baba akarudi kutoka kazini. Akasimama kando. "Analiliwa nani?" Nikamwambia mimi, kwa fahari, kuwa analiliwa Mbeyu. Baba akavua kofia. Akaketi kizingitini na viatu vyake vya kazini, kichwa ameinamisha. Moyoni nikasema, kumbe Baba naye alikuwa akimpenda mwanangu.

Nililala nimeridhika. Si kila mtoto wa gunzi huliliwa na kijiji.

Asubuhi yake ndipo uchungu ulipokuja, maana Hawe hakuuliza "Mbeyu kalalaje?" Aliketi akasuka makuti. Uji nikanywa peke yangu. Ndiyo maana Neema aliponiambia anangoja kikohozi sikuhitaji kufafanuliwa. Msiba huanzia pale ulipozoea kuitwa na hukuitwa.

Nikataka Mbeyu arudi. Sikutaka gunzi jingine, Mwanamisi aliniletea nikalikataa. Nilimtaka yeye. Nikamwendea Hawe nikamwuliza wafu hurudi vipi.

"Mtu harudi na miguu yake, somo," akasema bila kuinua macho. "Hurudi na jina. Wewe ni mimi. Mimi nilikuwa bibi yangu. Jina likiitwa na mtu akaitika, basi yupo."

Haya. Mtoto akipewa maneno kama hayo atafanya nini? Mama alikuwa na mimba. Nikaenda jikoni nikamweleza mambo yalivyo: huyo aliye tumboni, akiwa msichana, ni Mbeyu anarudi.

"Ataitwa Kache," akasema Mama. "Jina la mama yangu. Wewe umechukua la upande wa baba, huyu atachukua la upande wangu, ndiyo zamu."

"Lakini Kache hajafa!"

"Nitolee nuksi hapa! Na zamu ya mama yangu haipewi gunzi."

Nikang'ang'ania. Nilimwambia akichota maji, nilimwambia akisonga ugali, mpaka akaniapia kuwa nikilitaja tena jina lile nitalala bandani na kuku. Hawe alisikia yote yale na hakuniunga mkono hata kwa kikohozi. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwona msaliti, aliyemlilia mtu vile, mbona hataki arudi? Sikujua kuwa jina la mkwe si kitu cha kugombaniwa na mama wa mume. Angelitaka, angekuwa anamnyang'anya mama yake Mama heshima aliyoingoja tangu binti yake alipoolewa. Hawe alilijua hilo akafunga mdomo.

Mtoto akazaliwa, msichana. Bibi wa Kaloleni, yule Kache mwenyewe, akateremka na kuku wawili na kapu la unga, sauti yake inamtangulia. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, wa kanisani, kinyume cha Hawe kwa kila kitu. Siku ya kumtoa mtoto nje, watu wameketi uwanjani, akampokea akampakata. "Njoo, Kache mwenzangu. Una pua mbaya kama yangu, pole."

Watu wakacheka. Mimi nikapasuka. "Huyo ni Mbeyu!"

Mama akanifinya paja mpaka nikaruka. Lakini bibi wa Kaloleni alikuwa ameshasikia. "Mbeyu nani?"

"Ni gunzi lake, mama," akasema Mama kwa aibu. "Lililiwa na beberu. Msimsikilize."

"Si gunzi," akasema Baba.

Baba akamtazama Hawe. Hawe akaweka chini kuti alilokuwa akilisuka, na nafikiri hakuna mtu aliyewahi kumwona akiacha kuti katikati.

"Ni mwanangu," akasema. "Dada yake huyu baba mtu. Alikuwa wa umri wa somo wangu. Ulikuwa mwaka wa njaa, tuko njiani tunashuka kutafuta kazi. Akatufia njiani. Tulimzika jioni, asubuhi tukashika njia, tungekaa tungemfuata. Hatukumtandikia mkeka. Hatukumlilia. Wamemlilia watoto hawa, juzi juzi, hapa uwanjani. Hawakujua. Matanga yake ndiyo hayo."

Miaka yangu ilikuwa michache lakini ile siku ikajipanga upya kichwani mwangu, kuanzia mzigo wa makuti ulioanguka mpaka kofia ya Baba. Meno yaliyong'oka, kuku aliowaogopa. Kumbe hakuna chumvi iliyoongezwa. Wala sikuona haya, nawaambia kweli. Niliona kama mimi na Mwanamisi tumefanya kazi kubwa, na mtu amekuja kutuambia ahsante.

Mama alikuwa ametazama chini. Bibi wa Kaloleni akamwinua mtoto akamtazama usoni, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua papai.

"Mimi," akasema, "naitwa kila siku. Naitwa na mume, naitwa na mchungaji, naitwa na mbwa wakitaka kula. Kache huyu, Kache yule, nimechoka kuitika. Huyo mwingine nani amemwita?" Akainuka, kwa shida, akaenda akamweka mtoto mapajani mwa Hawe. "Mpe jina la mwanao, mkwe wangu. Mimi nipo, nitangoja. Huyu binti yangu tumbo lake halijafunga."

Na akangoja kweli. Aliyefuata alikuwa mvulana, na wa baada yake mvulana, na kila akiteremka Timbwani alimgombeza Mama mbele ya watu kuwa anamfanyia makusudi, mpaka Kache akapatikana, ana pua ile ile. Mbeyu naye baadaye alibatizwa jina la kanisani, liko kwenye kitambulisho chake, wala hakuna amwitaye hilo. Sasa ni bibi wa watu huko Likoni. Mkali kuliko mimi.

Lakini siku ile, watu walipokwisha kula na kuanza kuaga, Mama alimrudisha mtoto ndani kumnyonyesha. Hawe akabaki uwanjani peke yake, amesimama, anatazama mlango. Nikadhani anataka maji. Akajifunga leso vizuri, akavuta pumzi, akaita. Aliita kwa sauti ya mama aliyesongwa na kazi, anayemwita mtoto aliyepotelea mchezoni, akitaka kusikika mpaka barabarani.

"Mbeyu! We Mbeyu!"

Ndani kulikuwa kimya. Mtoto wa siku chache atasema nini? Hawe akangoja, sikio amelielekeza mlangoni. Nikaona uso wake unaanza kubadilika, nami nikakumbuka alichoniambia, kuwa jina sharti liitwe na mtu aitike.

Nikamwitikia badala yake, kwa nguvu zangu zote.

"Abee, mama!"

"Njoo ule," akasema Hawe.